Mpimaji Aliyetuonyesha Mirihi

Mpimaji hakuweza kuingia nyumba ya mtu kabla hajaukagua mlango kama umesimama wima. Alifumba jicho moja, akainamisha kichwa, akanitolea mimi hukumu pale pale kizingitini, hata salamu hajatoa. "Mwalimu, mlango wenu umelala upande wa kulia." Mama yangu alimjibu kutoka ndani kwamba mlango huo umelala tangu siku marehemu mume wake alipoutia, na aliyeutia naye amelala, kwa hiyo aingie au abaki na baridi yake huko nje. Aliingia. Alikunywa vikombe viwili vya chai bila sukari, maana sukari, alisema, humfanya mtu akosee hesabu.

Jina lake lilikuwepo, nasi tulilijua, lakini Nyansiongo nzima ilimwita Mpimaji na mimi nitabaki hapo hapo. Alikuja wakati mashamba ya wazungu yalipokuwa yanakatwa vipande ili tugawiwe sisi. Alitoka kando ya ziwa, kwa hiyo aliilaumu baridi yetu kila asubuhi kana kwamba sisi ndio tuliileta. Ndizi zetu alizila kwa adabu tu. Kila wiki mbili alipokea kifurushi cha omena, dagaa wa ziwani, kilichofungwa kwa gazeti, na siku hiyo paka wote wa mtaa walihamia kwake.

Kigusii hakukijua, na hapo ndipo tulipocheka mara ya kwanza. Alikuja jioni moja kuuliza habari za shamba letu, akanikuta uani nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Kwetu nyumbani mama huitwa "baba", na baba huitwa "tata". Ndivyo lugha yetu ilivyo. Nami nikamjibu kwa mazoea, "Baba yuko jikoni, anapika." Mpimaji akasimama nje kwa heshima karibu saa nzima, akingoja mwanamume amalize kupika. Mama alipotoka na sufuria mkononi, alimsalimia, kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma yake. Kesho yake niliona ameandika katika kijitabu chake, kwa herufi nzuri sana: baba ni mama, tata ni baba, uliza mara mbili.

Kijitabu hicho kilikuwa na kila kitu. Hatua kutoka kwake hadi kisimani. Hatua kutoka kanisa la Wasabato hadi duka la kwanza, na kutoka duka la kwanza hadi la pili. Urefu wa kivuli cha mlingoti wa bendera ya shule yetu saa sita mchana. Alimwambia mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi kwamba mlingoti huo umeinama, na mwalimu mkuu hakumsalimia tena muhula mzima. Mpimaji hakuelewa kosa lake lilikuwa nini. Aliamini kwamba ukimwambia mtu jambo la kweli umempa zawadi.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mpangilio katika kila jambo. Huyo aliyejua hatua za dunia nzima alichelewa kila mahali alipoalikwa. Alipika ugali ambao siku moja ulikuwa uji na siku ya pili ulikuwa tofali. Ng'ombe aliwaogopa, hata ndama, na zaidi ya mara moja nilimwona akizunguka mbali kabisa kupitia mahindini ili asipishane na ng'ombe wetu mmoja mzee asiye na pembe.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa chombo chake cha kupimia, darubini ndogo iliyokaa juu ya miguu mitatu. Mvua ikinyesha, mwavuli ulifunika chombo, yeye akalowa. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, na mama yangu, aliyewahi kumpelekea maziwa asubuhi, aliniapia kwamba chombo ndicho kilicholala kitandani, mwenyewe kajikunja kwenye mkeka. Mtu ukichungulia humo ndani uliona kila kitu kichwa chini. Miti ilining'inia kutoka ardhini, watu walitembea na miguu yao juu. Mpimaji alisema vyombo vya aina ile vimeundwa hivyo, na jicho lenyewe huzoea. Jicho lake lilikuwa limezoea. Letu halikuzoea, na hilo lilituletea taabu.

Tena alikuwa na ugomvi na neno "karibu". Sisi ni watu wa karibu: karibu chai, shule iko karibu, mvua iko karibu. Yeye aliuliza palepale, "Karibu kiasi gani?" Ukimwambia karibu tu, alitikisa kichwa kama umemuumiza. Alipotuambia kwamba mwezi wa nane wa mwaka ule wa sabini na moja sayari ya Mirihi ingekaribia dunia kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi, mama alimkamata kwa mtego wake mwenyewe.

"Karibu kiasi gani, mwanangu?"

"Maili milioni thelathini na tano, mama."

Mama aliweka kikombe chini. "Yaya, hapana! Hiyo ndio karibu? Basi mimi na Nairobi tunalala kitanda moja."

Mpimaji alicheka hadi chai ikampalia. Halafu akatueleza, kwa muda mrefu, akitumia chungwa na punje za mahindi juu ya meza, jinsi dunia na Mirihi zinavyolizunguka jua kila moja kwa njia yake, na jinsi zinavyopishana. Mara nyingi hupishana kwa mbali, na mara chache hupishana mahali ambapo njia zimesogeleana. Nilikuwa nimesomea ualimu na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Nilimwambia ni lazima watu wote waone. Laiti ningenyamaza.

Sasa niseme habari ya mpaka, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini jioni ya Mirihi ilikuwa na uzito. Shamba letu lilipakana na la mzee mmoja wa kanisa, tuliyemwita Mzee wa Bondeni. Kati yetu palikuwa na ukanda mwembamba wenye chemchemi, maji baridi yasiyokauka hata Januari. Mawe ya zamani ya mpaka yalikuwa yameng'olewa na trekta. Mpimaji alipima upya, na kamba yake ikaiweka chemchemi upande wetu. Mzee akakataa kutia kidole kwenye karatasi. Asipokubali, shauri lingepelekwa Kisii, na mama yangu alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Mimi, binti yake pekee, nilikuwa na chaki tu. Kila mtu alijua shauri la namna ile lingeishaje.

Hoja ya mzee haikuwa ya kijinga. Alikuwa amechungulia chombo siku ya kupima, akaona mti wake wa mugumo umesimama kwa matawi. Katika baraza akasimama na kusema, "Hii chombo inaonyesha miti kichwa chini. Mimi mwenyewe niliona mke wangu anatembea mbinguni. Sasa kitu kama hiyo itapima shamba yangu namna gani?" Baraza lilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kumuunga mkono. Mpimaji alijaribu kueleza habari za vioo. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Kauli yake ya kila siku ilikuwa, "Tupime kwanza, tutagombana baadaye," na siku hiyo mtu wa nyuma alimjibu kwamba tumeshapima, sasa ni baadaye.

Tangazo la Mirihi niliandika mimi, kwa Kiswahili safi nilichojivunia: Jumanne jioni sayari ya Mirihi itakaribia dunia, wote mnakaribishwa uwanja wa shule kuitazama. Nikalipeleka kanisani lisomwe Sabato pamoja na matangazo mengine. Watu walikuwa na wasiwasi, kwa sababu Ijumaa iliyotangulia, Sabato ikiwa imeshaingia, mwezi ulikuwa umepatwa na kuwa mwekundu. Msomaji wa matangazo hakuwahi kukutana na neno "sayari" maishani mwake. Alilitazama, akamhurumia aliyekosea kuliandika, akalisahihisha. Akasoma kwa sauti nzito: "Jumanne jioni safari ya Mirihi itakaribia hapa. Wote mnakaribishwa uwanja wa shule kumtazama."

Nilisikia. Nilisikia "safari", nikasikia "kumtazama", na badala ya kusimama nilijiziba mdomo kwa leso nicheke. Nilijiambia watakuja wengi zaidi.

Walikuja wote. Bwana Mirihi alikuwa anatembelea Nyansiongo, na hakuna aliyetaka kukosa. Kwaya ilivaa sare. Wanawake walileta mikungu ya ndizi na kuku wawili waliofungwa miguu. Mzee wa Bondeni alikuja na koti lake la harusi na barua ndani ya mfuko, ndefu, ya kumwomba mkubwa huyu aje mwenyewe aone mpaka kwa macho yake yasiyopinduka. Mpimaji, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amewahi, alikuwa ameinama kwenye chombo chake katikati ya uwanja. Mbele, mwisho wa uwanja, alikuwa amesimamisha asubuhi ile mti mrefu wenye kitambaa cheupe.

"Mgeni atapitia wapi?" mzee akamuuliza.

Mpimaji akanyoosha mkono kuelekea vilima vya upande wa Sotik. "Atatokea pale, mzee. Saa moja na robo."

"Na gari?"

"Gari ya nini?"

Ikanibidi nijitokeze. Niliwaeleza mbele ya watu wote, uso ukiniwaka, kwamba Mirihi si mtu, ni nyota, tena si nyota bali sayari, na kwamba inakaribia lakini haifiki. Nilisikia manung'uniko yakipanda. Mwanamke mmoja aliwaokota kuku wake. Mzee wa Bondeni aliirudisha barua mfukoni polepole sana.

"Kwa hivyo," alisema, "yule aliniambia maji yangu ni ya mama Mwalimu, sasa ameniambia nivae koti nisalimie nyota."

Sijawahi kumwona Mpimaji amekasirika kabla ya siku ile wala baadaye. Alimshika mzee mkono, akamsimamisha mahali alipokuwa amechora alama ya chokaa, akamwonyesha ule mti wenye kitambaa. "Mti huu niliusimamisha asubuhi, jua likiwaka, Mirihi haionekani. Nimepima kwa chombo hiki hiki na hesabu zangu. Mzee, simama hapa. Mirihi isipotokea juu ya mti huu, uchane karatasi yangu ya mpaka mbele ya watu."

"Na ikitoka?"

"Utatia kidole."

"Nitatia," mzee alisema, na watu wakaitikia.

Mama alinishika kiganja. Jua lilikuwa limeshazama, na juu ya vilima vya Sotik palikuwa na wingu zito ambalo halikuwa na nia ya kwenda popote. Saa moja ikafika. Mtoto fulani akalia, akanyamazishwa. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya chemchemi, na naona haya kidogo kusema kwamba nilimwomba pia kwa ajili ya Kiswahili changu, nisiwe nimeifukuza bahati ya mama kwa sababu ya kucheka. Wingu likapasuka kwa chini, ukanda mwembamba tu, na ndani yake ikatokea. Ilikuwa nyekundu yenye manjano, kubwa kuliko nyota yoyote, haimeti, imetulia kama jiko linaloonekana kwa mbali kupitia mlango. Ilikuwa juu ya mti wenye kitambaa.

Kelele iliyopigwa pale sitaisahau. Kwaya ilianza wimbo bila kupewa sauti. Watu walipanga foleni kusimama kwenye alama ya chokaa, kila mmoja akaiona juu ya mti, kila mmoja akapiga kelele upya. Mzee wa Bondeni alikaa hapo muda mrefu kuliko wote. Halafu Mpimaji alimpisha kwenye darubini, naye akainama, mikono nyuma, akatazama.

"Iko kama mbegu ya wimbi," alisema. "Mviringo. Na hii pia ni kichwa chini?"

"Kichwa chini, mzee."

"Na haianguki." Akainuka, akanyoosha mgongo. "Leta karatasi."

Alitia kidole pale pale, kwa mwanga wa taa ya chemli. Mama alilia waziwazi. Mimi nilitaka kumkumbatia Mpimaji, lakini alikuwa amerudi kwenye chombo chake, ameweka jicho, hajibu pongezi za mtu. Baadaye aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe umeiona juu ya mti?"

"Juu kabisa," nilimwambia.

"Haya," alisema, akaanza kukunja miguu mitatu ya chombo. Nilidhani ni furaha. Watu wengine furaha huwanyamazisha.

Tulizungushia chemchemi seng'enge. Wakaza wana wa Mzee wa Bondeni wakawa wanateremka mtoni kwa maji, kule ng'ombe wanakokunywa, na kupanda nayo kichwani. Niliwaona kila asubuhi nikienda shule. Tulisalimiana vizuri, karatasi ilikuwa karatasi. Mpimaji alihamishwa mwaka uliofuata kwenda kupima upande wa Nyamarambe, na kabla ya kuhama alikuwa ameshapunguza kuja kwetu. Mama alisema labda amepata mke wa kumtilia sukari.

Nilimwona tena miaka saba baada ya jioni ile ya Mirihi, huko Kiogoro, nilipokwenda kumpa pole mwalimu mwenzangu aliyefiwa. Alikuwa ameacha kazi ya serikali, anaishi chumba cha tatu kwenye nyumba ndefu ya mabati, nywele zimekuwa nyeupe. Tulikaa kwenye benchi nje. Aliuliza habari za mama. Kisha akauliza habari za Mzee wa Bondeni, kama yu hai.

"Yu hai," nilisema.

Akasugua magoti kwa viganja. "Mwalimu, ile jioni ya Mirihi. Haikutokea juu ya mti."

"Ilitokea. Niliiona kwa macho yangu. Watu wote waliiona."

"Kwa macho. Mimi niliiona kwa chombo. Ilipita kando. Upana wa vidole viwili hivi, upande wa kushoto. Nyinyi mlikuwa mnashangilia." Alisema polepole, kama mtu aliyeyasema hayo mara nyingi akiwa peke yake. "Nikadhani nimekosea hesabu. Nikazirudia siku tatu. Hesabu zilikuwa sawa. Basi ni jiwe. Ule mti niliupima kuanzia lile jiwe la mlimani, alama tunayoanzia vipimo vyote, na mpaka wenu niliupima kuanzia jiwe hilo hilo. Nikapanda kulitazama. Lilikuwa limesogezwa, labda na trekta, labda na maji. Kama mti ulikosea, na mpaka ulikosea."

Nilimgeukia. "Kiasi gani?"

"Pale bondeni, hatua saba."

Sikuhitaji kuuliza hatua saba zinafika wapi. Chemchemi ilikuwa hatua nne ndani ya seng'enge yetu.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliandika barua ya kusema. Nikaichana. Nikaandika nyingine." Alitazama barabara. "Miaka yote nilipima watu ardhi, na kila mahali walisema Mpimaji mwizi, Mpimaji amehongwa. Jioni moja tu waliniamini wote pamoja. Na mama yako alikuwa analia. Nilisema nitangoja kidogo. Mwalimu, wewe unajua mimi silipendi neno hilo. Kidogo kiasi gani? Miaka saba."

Nilikasirika, na nilimwambia nimekasirika. Nilimwambia ametufanya wezi bila kutuuliza. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniaga kwa mikono miwili, na nilipogeuka nilimwona bado amesimama, mtu mrefu aliyenionyesha kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona angani. Sikuacha kumpenda. Hilo pia nililionea haya njia nzima.

Nilifika Nyansiongo jua bado liko juu. Ningeweza kupanda nyumbani kwanza, nikakaa na mama, nikamweleza taratibu, tukashauriana. Na tungeshauriana hadi leo. Nikateremka bondeni na viatu vyangu vya msiba. Mzee alikuwa amekaa ukutani mwa ghala lake akipukuchua mahindi. Nikamsalimia, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mpaka ulipimwa vibaya, na maji ni yake.

Aliweka mkono nyuma ya sikio. Uzee ulikuwa umemla masikio yote mawili.

Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Wakaza wana wake wakasimama na mitungi yao. Mzee akatikisa kichwa, akaniashiria nipaze sauti. Basi nikasimama wima, nikajaza kifua, nikalisema mara ya tatu kwa sauti niliyowaitia watoto kutoka mwisho wa uwanja. Na huko juu, mbele ya nyumba yetu, nikamwona mama ametoka nje, amesimama, anasikiliza.